Pombe Iliyofunga Zone

Watu wa korongo la Mugombe walimtambua Philémon Bulonza kwa mwendo wake kabla hajafika karibu. Alitembea kwa hatua zilizolingana, kama mtu anayehesabu, na kweli alikuwa anahesabu. Miaka kumi na moja ya kubeba mnyororo wa wapima ardhi ilikuwa imeifundisha miguu yake. Hatua zake mia moja zilikuwa mita themanini, hazikuzidi wala hazikupungua. Akifika mahali palipomtia shaka husimama, hupiga udongo kwa kisigino, huinamisha kichwa kidogo kama anayesikiliza mlango wa jirani. Kisha husema, "Hapa pazuri," au husema, "Hapa panatembea."

Alizaliwa Nyangezi. Kwa mapadri alifika darasa la nne la sekondari, baba yake akafariki, masomo yakaishia hapo. Alikuja Bukavu akiwa na miaka ishirini, akabeba mnyororo, kisha akawa karani mdogo, na mwaka 1974 akafanywa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa. Wakati huo majina ya watakatifu yalikuwa yamekwisha kufutwa kwenye vitambulisho. Ofisini alikuwa Citoyen, yaani Raia, Bulonza, nyumbani na kanisani alibaki Philémon. Komisere wa zone, mkubwa wake, Citoyen Cirimwami, alimwita Bulonza mbele ya watu na kumwita Philémon kwa sauti ya chini kila alipokuwa na shida. Kwa hiyo Philémon alikuwa akijua hali ya hewa ya ofisi hata kabla ya kuketi.

Kwa miaka mingi kazi ya shefu ilikuwa kungoja. Zone ilikuwa kama komini ya zamani, sehemu ya mji yenye ofisi yake, na bado haikuweza kuhamisha hata choo cha sokoni bila sahihi ya Mkoa. Sahihi ikichelewa, choo kilibaki palepale na wachuuzi walishika pua. Halafu ukaja mwaka 1982 na mabaraza ya zone yenye watu waliochaguliwa. Wee! Mji mzima ulichangamka. Siku za kikao watu walijaa ukumbini, waliokosa nafasi wakaning'inia madirishani, na maneno yaliyosemwa ndani yalifika barabarani kabla ya msemaji kuketi. Philémon alikuwa mtu mnyamavu, lakini jioni za vikao alirudi nyumbani sauti imekauka, akamwambia mke wake, Agnès, "Tumejadili mifereji leo, saa tatu nzima! Mifereji yetu, sisi wenyewe!"

Agnès alimtazama kama mtu aliyerudi kutoka harusini.

Sasa tuje kwenye ile pombe.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya uchaguzi huo. Philémon alisikia kwamba mzee Apollinaire anagawa viwanja ndani ya Mugombe, chini ya mawe ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyapaka rangi nyekundu kuonyesha kwamba kujenga kumekatazwa. Apollinaire alikuwa mushamuka, mmoja wa wazee wanaotoa ardhi kwa jina la mwami, mfalme wa kimila. Serikali ilisema ardhi yote ni yake, na Apollinaire hakubishana na serikali. Aliendelea tu kutoa. Alitoa kwa njia ya kalinzi, jinsi Washi walivyofanya tangu zamani. Unampelekea mwenye kilima mbuzi au ng'ombe, mnakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, mbele ya mashahidi, na kuanzia siku hiyo mahali hapo ni pako na pa watoto wako. Hakuna karatasi. Aliyekunywa ndiye karatasi.

Philémon aliteremka mbio. Alipofika, mbuzi jike alikuwa amekwisha kufungwa kwenye mti wa Apollinaire, na kibuyu kilikuwa kinazunguka. Aliyekuwa anapewa kiwanja ni Constance, mjane kutoka Mumosho, mwuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Papa Apollinaire," Philémon akasema akihema, "hapa hapajengwi. Mawe yangu umeyaona."

"Nimeyaona, shefu. Ni mazuri sana. Hata watoto wanayapenda." Watu wakacheka. "Umetoka mbali, jua iko kali. Kunywa kwanza, kisha utatukatalia na koo yenye kulowana."

Akaonja yeye kwanza mbele ya wote, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akakinyoosha kwa Philémon. Kila mtu wa huku anajua maana yake. Mwenye nyumba akionja mbele yako, amekuonyesha kwamba hamna sumu. Ukikataa baada ya hapo, umemwita mwuaji mbele ya majirani zake, na neno kama hilo halisahauliki mwaka huo wala mwingine. Philémon akanywa mafunda matatu. Kisha akamgeukia mjane. "Maman Constance, udongo huu unatembea. Usijenge."

Watu walipiga makofi. Miezi mingi baadaye ndipo Philémon alipoelewa kwamba makofi yale yalikuwa ya mafunda matatu, si ya maneno yake.

Mwezi wa tatu mwaka 1983, siku ya Alhamisi, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa nne asubuhi nyumba ya Constance iliondoka mahali pake. Haikuanguka, iliondoka. Iliteleza nzima na mlango wake na dirisha lake, ikashuka kama sahani kwenye meza yenye maji, ikafika chini ya korongo, ikajikunja na kufunikwa na matope. Constance alikuwa sokoni na samaki wake. Hakuna aliyeumia.

Kesho yake alikuja kwenye zone, matope mpaka magotini, akasimama katikati ya uwanja.

"Nani alisema nilijenga peke yangu?" aliuliza, ingawa hakuna aliyesema. "Mbuzi nilitoa, pombe nilipika. Na shefu wa zone alikuja, akakunywa, batu wote baliona. Zone ilikunywa! Sasa zone inijibu."

Siku tatu baadaye uliletwa wito wa tribunali, yaani mahakama. Zone ilitakiwa kwenda kujibu.

Maneno yale mawili ya Constance, "Zone ilikunywa", yalipanda kilima haraka kuliko moto wa nyasi. Ndani ya Mugombe zilibaki nyumba ishirini na tano, zote chini ya mawe mekundu. Philémon alipopita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wahame kabla udongo haujatembea tena, walimjibu kwa adabu kubwa na kucheka nyuma ya mikono. "Papa shefu, tutahama namna gani? Zone ilikunywa!" Bibi mmoja alimletea kiti na kumwuliza kama leo atakunywa pia. Nyufa alizoziona nyuma ya nyumba za juu zilikuwa zinaingiza kidole. Alirudi akazipima, na keshoye zilikuwa zinaingiza vidole viwili.

Jumatatu iliyofuata baraza lilikutana, na lilikuwa na haraka. Mjumbe wa Bukavu katika Baraza la Kutunga Sheria alikuwa nyumbani kwake Nguba, anapanda ndege Ijumaa alasiri kwenda Kinshasa kwenye kikao cha mwezi wa nne. Alikuwa ameziandikia zone zote zimletee maombi yao, yawe mawili, yawe mafupi, naye atayasimamia. Mara ya kwanza! Kinshasa ilikuwa inauliza zone inataka sheria gani! Ukumbi ulikuwa unachemka kama sufuria ya maharage.

Ombi la kwanza lilipatikana upesi, kwa kelele za furaha. Zone yenyewe ndiyo iseme mahali pa kujenga na mahali pa kutojenga ndani ya mipaka yake, na iweze kumpa kiwanja mtu aliye hatarini bila kungoja sahihi ya Mkoa. Mikono yote ilipanda juu, mingine miwili miwili mpaka karani akalazimika kuhesabu upya.

Ombi la pili ndilo lililokuwa na miiba. Komisere Cirimwami alilisoma mwenyewe: "Zone isishtakiwe kamwe kwa nyumba iliyojengwa."

"Kamwe?" akauliza Adolphine, diwani wa sokoni, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita wateja ng'ambo ya barabara. "Hata siku katapila ya zone itavunja nyumba yangu kwa bahati mbaya? Kamwe iko mrefu sana, Citoyen Komisere. Ikate kidogo."

Kicheko. Komisere hakucheka. "Tusipojikinga, kila mwenye ukuta wenye ufa atatupeleka tribunali. Tutafungwa mikono. Hatutaweza hata kusema neno moja juu ya korongo."

"Hiyo ni kweli," Adolphine akakubali. "Lakini Kinshasa ikiuliza kama zone ilikataza, tutajibu nini? Mugombe yote inaimba, zone ilikunywa."

Nyuso zote ziligeuka. Philémon, aliyekuwa ameketi karibu na ukuta pamoja na mashefu wengine, alihisi masikio yake yanapata moto.

Baada ya kikao Komisere alimwita ofisini. Alifunga mlango. "Philémon," akasema kwa sauti ya chini, na Philémon akajua hali ya hewa.

Mezani kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa. Ilisema kwamba yeye, Bulonza, siku ile hakunywa kitu chochote ndani ya Mugombe, na kwamba wanaosema alikunywa ni waongo.

"Weka sahihi. Kesi inakufa, na ombi la pili linapanda ndege likiwa safi."

"Komisere, batu makumi tatu baliniona."

"Watu thelathini hawana karatasi. Sisi tunayo. Nakupa mpaka Ijumaa, saa nne, mbele ya baraza. Usiposaini nitatafuta shefu mwingine, na ombi nitalifuta. Siwezi kupeleka Kinshasa ombi la zone iliyolewa."

Philémon alikwenda nyumbani kwa hatua zisizolingana. Aliyajua mambo yote mawili. Akisaini, atakuwa amemfanya mjane kuwa mwongo na yeye mwenyewe kuwa mwongo zaidi, na hakuna mtu wa Mugombe atakayemsikiliza tena akisema udongo unatembea. Asiposaini, ushefu unakwisha, ombi linafutwa, na zile nyumba ishirini na tano zitakaa palepale kwa kuwa zone ilikunywa.

Agnès alikuwa anamenya ndizi uani. Alimsikiliza bila kuinua macho.

"Kwa hiyo Komisere anataka pombe ile isiwe imenywewa," alisema.

"Njo vile."

"Haiwezekani. Imeshapita." Akaitupa ndizi kwenye maji. "Lakini baba yangu alirudishaka shamba la muzee Cabwine, unakumbuka? Alirudisha kalinzi. Balimurudishia ng'ombe yake."

"Nakumbuka. Walikunywa tena."

"Nani alikunywa tena?"

"Walewale. Mashahidi wa kwanza. Ilibidi waitwe wote, hata yule kipofu wa..." Mdomo wa Philémon ulibaki wazi. Kisha akaruka, mtu mzima wa miaka arobaini na minane, akapiga kofi mapaja yake yote mawili. "Agnès! Aliyekunywa wakati wa kutoa lazima anywe wakati wa kurudisha! Pombe haikataliwi. Inarudishwa!"

"Kula kwanza."

Hakula. Alikwisha kuwa barabarani.

Constance alikuwa amejihifadhi kwa dada yake, kwenye chumba kimoja chenye vitanda vitatu. Alimsikiliza Philémon mikono kiunoni.

"Nirudishe kiwanja kwa Apollinaire, mbuzi yangu irudi, nifute kesi. Vizuri. Halafu nilale ndani ya mbuzi?"

"Nitakupatia mahali juu kuliko mawe mekundu."

"Wewe? Mkoa inachukua miaka mbili kuweka sahihi. Nitakuwa nimezeeka."

Hapo Philémon alikuwa amejiandaa. Njiani, kati ya hatua elfu moja na elfu mbili, alikuwa amekumbuka kibanda cha zana za zone, kando ya shule, juu kabisa, mahali ambapo kisigino chake hakikuwahi kusikia kitu. Kibanda kilikuwa kitupu tangu majembe yaibwe. Mahali pale palikuwa pa zone yenyewe, kwa hiyo baraza lingeweza kumpa mtu aketi bila kumwuliza mtu yeyote.

"Na mabati yangu?" Constance akauliza. "Iko chini ya matope."

"Jumamosi ni salongo. Kartie yote inatoka kufanya kazi, ni lazima. Nitawapeleka Mugombe wachimbue mabati yako, na Jumamosi nyingine wakujengee."

Constance alishusha mikono kutoka kiunoni. "Na ku baraza utasema nini? Kama ulikunywa ao haukukunywa?"

"Nitasema nilikunywa."

"Mbele ya Komisere?"

"Mbele yake."

Mjane akacheka kwa mara ya kwanza tangu nyumba yake iondoke. "Aksanti. Nilikuwa naogopa nitaitwa muongo na mutu niliyemupikia pombe nzuri vile. Nitakuya."

Apollinaire alikuwa kazi nyingine kabisa. Philémon alimkuta Jumatano kwenye kivuli cha nyumba yake, ananoa panga.

"Nirudishe mbuzi?" mzee akasema. "Shefu, nikirudisha moja, kesho watakuja ishirini na watano. Nitageuka mchungaji wa watu wengine."

"Muzee, wito wa tribunali umeusikia?"

"Ni wa zone."

"Ni wa zone leo. Zone ikisema mbele ya juge kwamba haikumpa mjane ile ardhi, juge atauliza nani alimpa. Unajua jina gani litatoka?"

Panga likasimama juu ya jiwe.

"Unanitisha, mutoto wa Nyangezi."

"Sikutishi. Wewe na mimi tulikunywa kibuyu kimoja. Kikitufunga, kitatufunga pamoja. Tukifungue pamoja."

Apollinaire alinoa mara mbili zaidi, polepole. "Pombe itapikwa na nani?" akauliza mwishoni, na Philémon akajua kwamba ameshinda.

Ijumaa saa nne kasoro, ukumbi ulikuwa umejaa mpaka mlangoni. Mugombe yote ilikuwa imepanda. Walikuja kumwona shefu akisaini uongo, au akifukuzwa, yoyote kati ya hayo mawili ingekuwa habari nzuri ya wiki. Komisere aliketi na karatasi yake mbele, kalamu juu yake.

Aliita, "Citoyen Bulonza."

Philémon alisimama. "Citoyen Komisere, citoyens madiwani. Nilikunywa."

Kelele zilizopanda zilifanya watu wa barabarani wakimbie kuja kuona. Komisere alipiga meza kwa kiganja mara tano. Philémon alingoja.

"Nilikunywa mafunda matatu. Nilikataza kwa mdomo, nikakubali kwa mdomo uleule. Hilo ni kosa langu, si la zone, maana baraza hili halikunituma kunywa. Karatasi hiyo siwezi kusaini. Lakini pombe hiyo naweza kuirudisha, na wenyewe wako mlangoni."

Wakaingia. Constance mbele, katika kitambaa chake cha Jumapili. Nyuma yake Apollinaire na fimbo yake, kisha vijana wawili na mtungi wa kasiksi, kisha wale waliokunywa siku ile kama mashahidi, kumi na wanne kwa hesabu. Wa mwisho aliingia mbuzi jike, na nyuma yake, bila kualikwa, watoto wake wawili, ambao moja kwa moja walianza kutafuna kitambaa cha meza ya karani.

"Mbuzi ndani ya baraza!" Komisere akasimama. "Pombe ndani ya ofisi ya Serikali! Bulonza, umepata wazimu?"

"Citoyen Komisere," Adolphine akaingilia, sauti yake ikijaza ukumbi, "mtungi huu ni kielelezo. Tribunali wanaleta panga yenye damu, sisi tunaleta pombe. Karani, andika kielelezo namba moja."

"Na mbuzi?" karani akauliza akivuta kitambaa chake.

"Namba mbili. Watoto, andika wako naye."

Hata Komisere alishindwa kuzuia mdomo wake. Akaketi.

Kukawa na ubishi mmoja ambao karibu uvunje kila kitu. Apollinaire alinyoosha kamba ya mbuzi kwa Constance na kubakiza kamba za watoto mkononi mwake.

"Hapana, muzee," Constance akasema. "Mbuzi yangu ilizaa."

"Ilizaa kwangu. Ilikula majani yangu miaka miwili. Nyumba yako ilizaa? Haikuzaa. Basi."

"Nyumba yangu ilikimbia juu ya udongo wako!"

Ukumbi ukagawanyika papo hapo. Wanaume wa upande wa kulia wakasema watoto ni wa majani, wanawake wa dirishani wakasema watoto ni wa mama, na mzee mmoja akaanza kueleza kesi ya ng'ombe ya mwaka arobaini na nne. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Ndege haikuwa na habari za mbuzi. Philémon alimkaribia Apollinaire na kumnong'oneza, "Muzee, chagua mmoja uliyempenda, mwache mwingine, au tumwulize juge?"

Apollinaire akamtazama kila mtoto usoni kwa makini kama mtu anayechagua mkwe. Akamwachia Constance yule mweupe. Ukumbi ukashangilia.

Kibuyu kikajazwa. Apollinaire akaonja kwanza, akafuta, akampa Constance. Constance akanywa, akasema kwa sauti ambayo hata watu wa madirishani waliisikia kwamba amerudisha mahali pale, yeye na watoto wake, na kwamba hadai tena zone wala mwami. Wakanywa mashahidi mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Philémon. Alikishika kibuyu kwa mikono miwili.

"Niliyokunywa kwa Mugombe," akasema, "naitoa."

Akanywa mafunda matatu. Hakukuwa na makofi. Palikuwa na kitu kingine, pumzi ya watu mia mbili ikitolewa pamoja, na Philémon akahisi mabega yake yameshuka mahali pake pa kawaida baada ya miaka miwili.

Baraza lilifanya kazi kwa saa moja kama lisivyowahi kufanya. Kibanda cha zana alipewa Constance aketi, mikono yote juu. Salongo ya kesho ilipangwa Mugombe. Halafu wakarudi kwenye ombi la pili, na sasa Komisere mwenyewe aliuliza, "Citoyenne Adolphine, 'kamwe' tuikate wapi?"

Waliikata hivi, na Philémon aliinakili kwa mkono wake huku madiwani wakimtupia maneno kutoka pande zote. Zone isihukumiwe kwa nyumba iliyojengwa mahali ilipokataza kwa maandishi. Zone ifungwe na kile ambacho baraza lake limeandika, wala isifungwe na kinywa cha mtumishi mmoja, kiwe kimesema au kimekunywa. Lakini mtumishi wake akimdanganya raia, zone imtafutie raia huyo mahali pengine.

"Hayo maneno ya mwisho yatatugharimu," Komisere akasema.

"Yatatulinda," Philémon akajibu, akishangaa ujasiri wake. "Tukiomba tusijibu kitu chochote, hakuna atakayetusikia tukisema hama."

Komisere akaweka sahihi. Kisha akaivuta ile karatasi nyingine, akairarua mara mbili. "Utapata barua ya onyo, Citoyen Bulonza. Itabaki ndani ya faili yako mpaka pensheni. Mtu haleti mbuzi katika baraza." Akainama kidogo. "Philémon, gari haina mafuta. Mjumbe anaondoka Nguba saa nane."

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

Philémon alikimbia. Alikimbia na bahasha kifuani, chini ya koti lake la abakosti, akateremka kona baada ya kona, ziwa likimtokea na kujificha kati ya nyumba. Nyuma yake walikimbia watu wawili wa Mugombe, kisha watano. Hakujua kama wanamsindikiza au wanamfuata. Kwenye mteremko wa mwisho mmoja wao alimfikia. Alikuwa baba wa nyumba ya juu kabisa, yule mwenye nyufa za vidole viwili.

"Papa shefu!" alisema akihema. "Mimi pia nataka kurudisha yangu. Nimemwambia muzee Apollinaire, amejifungia ndani ya nyumba!"

"Atafungua! Lakini viwanja hatuna, zone ilikuwa na kibanda kimoja tu!"

"Sasa tutaenda wapi?"

Philémon alijipiga kifua, mahali penye bahasha. "Ruhusa ya viwanja iko humu! Kimbia!"

Walifika mbele ya nyumba ya mjumbe gari likiwa tayari linanguruma, mizigo imefungwa juu. Mjumbe, mtu mnene mwenye miwani, alishusha kioo na kuwatazama wanaume sita waliolowa jasho, mmoja wao akinuka kasiksi.

"Maombi ya zone," Philémon akasema, akaipitisha bahasha dirishani. "Mbili. Fupi."

"Yanahusu nini, citoyen?"

Pumzi ilikuwa haitoshi kwa maneno ya sheria. Philémon akamshika bega yule baba wa nyumba ya juu, akamsogeza karibu na kioo.

"Yanamuhusu huyu, na nyumba zingine makumi mbili na ine. Nyuma ya nyumba yake udongo umepasuka hivi." Akaonyesha vidole viwili. "Mvua itasimama mwezi wa tano, itarudi wa tisa. Musome kabla ya wa tisa."

Mjumbe aliviangalia vile vidole, akamwangalia yule mtu, akaivua miwani. Hakuiweka bahasha mkobani pamoja na nyingine. Gari lilipoondoka kwenda Kavumu, kwenye uwanja wa ndege, Philémon na wenzake walimwona kupitia kioo cha nyuma, kichwa kimeinama, anaifungua.